Koja, Kikuba na Shada: Maua Yavaliwayo na Majina Yake

Miongoni mwa vitabu vya marehemu Shaaban Robert kiko kimoja kiitwacho Koja la Lugha, kilichochapwa mwaka 1969, miaka saba baada ya kufa kwake. Jina hilo hutajwa mara kwa mara katika madarasa ya shule zetu za sekondari, kwa sababu hapana mwalimu wa Kiswahili awezaye kuorodhesha kazi za mshairi huyo akaliacha. Lakini mwanafunzi wa Tunduma au wa Vwawa akiulizwa koja ni kitu gani, jibu alilofundishwa ni fupi: koja ni shada. Akiulizwa tena shada ni nini, atasema ni maua yanayowekwa juu ya kaburi. Basi tukiyaunganisha majibu hayo mawili, kitabu cha mwandishi aliyeipenda lugha hii kuliko wengi kinakuwa ni maua ya maziko ya lugha. Jambo hili halifai kuachwa lipite, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Hatusemi kwamba mwanafunzi ana kosa. Anayataja maua kama alivyoyaona. Katika mkoa wetu wa Songwe, ambao ulizaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya, desturi ya mtu kuvaa maua mabichi mwilini si desturi ya wazee. Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na jirani zao walijipamba kwa shanga na kwa mapambo mengine ambayo si maua ya kuchuma. Shada lilikuja kwetu kwa njia ya makanisa, ya serikali na ya maduka, na lilikuja hasa siku za misiba. Mtoto akilisikia neno hilo redioni, mara nyingi huwa ni siku ya mazishi ya mkubwa fulani au ni tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ambapo mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, na shoka huwekwa kwenye mnara, na kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua kati ya silaha hizo. Picha hiyo ni nzuri na ina heshima yake. Lakini ni picha moja tu, nayo imefunika nyingine zote.

Tuanze na koja lenyewe. Koja ni maua yaliyotungwa katika uzi, ncha mbili za uzi zikafungwa pamoja, likavaliwa shingoni na kuning'inia kifuani. Neno hilohilo hutumika pia kwa pambo la shingoni la mikufu ya dhahabu au fedha. Msomaji aziangalie maana hizo mbili kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo fasili ya darasani imelipoteza. Koja la maua haliishi hata siku mbili. Koja la fedha hurithiwa na mjukuu. Neno moja limebeba kitu kinachonyauka na kitu kisichonyauka, na kinachoviunganisha ni namna ya kutengenezwa na mahali pa kuvaliwa: vyote viwili vimeungwa kimoja baada ya kimoja, na vyote viwili hukaa shingoni.

Sasa tulirudishe neno hili kwenye jalada la kitabu. Shaaban Robert alikuwa na mazoea ya kuvipa vitabu vyake majina ya vitu vya thamani na vya kupendeza. Kiko Pambo la Lugha, kiko Almasi za Afrika, kiko na hiki cha koja. Mhakiki mwenye haraka ataona majina hayo matatu kuwa ni sifa moja iliyorudiwa. Sisi hatuoni hivyo. Pambo ni neno pana, linaloweza kuwa lolote. Almasi ni kitu kimoja kilichochimbwa ardhini, na uzuri wake umo ndani yake hata kama haijaguswa na mkono wa sonara. Koja ni tofauti na yote mawili, kwa maana halipo mpaka mtu alitunge. Maua kumi yaliyomo kikapuni si koja. Yakipitishwa uzi kwa mpango, hili jeupe, hili jekundu, hili jeupe tena, ndipo koja linapopatikana. Mshairi aliyeita kitabu chake koja anatuambia, pasipo maneno mengi, kwamba maneno ya lugha yameenea kwa watu wote kama maua yaliyo kondeni, na kwamba kazi iliyo yake yeye ni uzi.

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa wa jambo hili, na tunamwomba mwalimu asipite haraka. Kitenzi tunachokitumia kwa maua na shanga ni kutunga. Kitenzi tunachokitumia kwa shairi ni kutunga. Marehemu Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha kanuni mwaka 1954 alikiita Sheria za Kutunga Mashairi, na hapana msomaji aliyeshangaa. Tungo, utungo, utunzi, mtunzi: yote ni watoto wa kitenzi hicho kimoja, na ile g imegeuka z katika baadhi yao kwa desturi ya lugha yetu. Mzizi huo haukukopwa kutoka ng'ambo. Umo katika lugha nyingi za Kibantu, na wataalamu wanaozilinganisha lugha hizo, akiwamo Malcolm Guthrie katika kazi yake iliyotolewa kati ya mwaka 1967 na 1971, wameuhesabu kuwa miongoni mwa mizizi ya kale kabisa. Mwanafunzi anayesema Kinyiha au Kinyamwanga nyumbani amwulize bibi yake ni neno gani hutumika mtu anapopitisha shanga katika uzi, kisha alilete darasani. Zoezi hilo litamfundisha zaidi kuliko ukurasa mzima wa fasili. (Kitenzi hiki kina upana wa ajabu: mimba hutunga, na hata jipu hutunga usaha. Lakini hayo tuwaachie waganga.)

Kwa hiyo mtu wa bara, ambaye hakuzaliwa kwenye asumini, si mgeni kwa koja. Anao uzi, alichokosa ni ua tu. Shanga zilizovaliwa na mabibi zetu zilitungwa kwa kitendo kilekile kinachotunga koja la Lamu na la Unguja. Tunalitaja hili kwa kuwa wako watu, baadhi yao wakiwa walimu, wanaodhani maneno ya mapambo ya pwani ni mali ya pwani peke yake, na kwamba mtoto wa mpakani atosheke na kuyakariri kwa ajili ya mtihani. Kitendo cha kutunga ni cha wote, na ushairi umekichukua kutoka kwa wote.

Tufike kwa kikuba, ambacho kwa maoni yetu ndicho kilichodhulumiwa zaidi. Kikuba ni kifungu kidogo cha majani na maua yanukiayo ambacho wanawake hujipamba nacho, hasa kwa kukibandika nguoni penye kifua, na pengine kwenye nywele. Ndani yake huwa mna majani ya mrehani, maua ya asumini, pengine na waridi au kilua, na vipande vya mkadi, vikafungwa kwa uzi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalo neno hili, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981 inalo. Halikupotea vitabuni. Limepotea madarasani, ambako hufasiriwa kwa neno "ua" au kwa neno letu lilelile la "shada", kisha somo likaendelea.

Hasara ya fasili hiyo ni nini? Ni kwamba kikuba si cha macho. Koja huonekana kutoka mbali na limekusudiwa lionekane. Kikuba kinaweza kuwa chini ya ushungi au ndani ya buibui, kisionwe na mtu yeyote, na bado kimetimiza kazi yake, kwa sababu kazi yake ni harufu. Mrehani ni majani tu, hauna uzuri wa kuangaliwa, lakini ndio unaoanza kutiwa. Asumini huchumwa jioni yangali tumba, ili yafunguke usiku yakiwa tayari mwilini mwa mvaaji. Basi mshairi anapotaja kikuba anataja ukaribu. Harufu hiyo haimfikii aliye ng'ambo ya njia; humfikia aliyekaribishwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kikuba ni ua ataliona ua mahali ambapo mshairi alitaka asione kitu, ila avute pumzi tu. Na mwanafunzi asiyefundishwa lolote, akikuta maneno "kikuba kifuani", anaweza kudhani mwanamke huyo anaugua kifua.

Mapambo ya namna hii hayakuwa mchezo wa wasichana tu. Mwana Kupona binti Msham, alipotunga utendi wake mwaka 1858 kumwachia binti yake wasia, aliweka mapambo na manukato katika mambo ya kumwusia, pamoja na dini, adabu na utunzaji wa nyumba. Msomaji wa leo anaweza kuwa na maoni yake juu ya nafasi ya mke katika utendi huo, na ni haki yake. Lakini asiposadiki kwamba kujitia harufu nzuri kulikuwa elimu inayotoka kwa mama kwenda kwa mwana, elimu yenye majina yake, majani yake na saa zake za kuchuma, hataelewa kwa nini sehemu hiyo iko pale ilipo.

Juu ya asili ya neno kikuba tutasema kidogo, kwa kuwa ni mahali ambapo watu hupenda kuteleza. Kuna neno kuba, la asili ya Kiarabu, ambalo maana yake ni paa la mviringo kama lile la msikiti. Kuna kiambishi ki- ambacho hutia udogo. Mtu mwenye akili nyepesi atayaunganisha mara moja: kikuba ni kuba ndogo, kwa kuwa kifungu cha maua ni cha mviringo! Hoja hiyo inapendeza sikioni, lakini hatuipokei. Mfanano wa sauti peke yake haujengi ukoo wa maneno. Kwa njia hiyohiyo mtu angeweza kutuambia kwamba koja limetoka katika kungoja, kwa sababu bibi arusi aliyevaa koja hungoja, naye angekuwa na ushahidi uleule: herufi mbili tatu na hadithi ya kuchekesha. Anayetaka kutaja asili ya neno alete umbo lake la zamani, alete ndugu zake katika lahaja na lugha nyingine, aonyeshe na maana ilivyosafiri. Asipokuwa navyo, na atosheke na kueleza neno linafanya kazi gani.

Yako majina ambayo asili zake zinajulikana vizuri zaidi, na inafaa wanafunzi wayajue. Asumini, ambalo wengine hulitamka yasmini, ni neno la Kiajemi lililopitia Kiarabu. Taji vilevile limetoka kwa Waajemi kwa njia ya Waarabu. Ama shada, sisi tunaliona kuwa ni jamaa wa neno la Kiarabu lenye maana ya kufunga na kukaza. Na wanafunzi waliosoma chuoni wanaijua ile alama iitwayo shada inayokaza herufi. Maana hiyo inalingana na matumizi ya zamani ya neno hili katika Kiswahili, ambapo shada ni kitu chochote kilichofungwa pamoja kikawa fungu au kishungi: shada la ushanga, shada la nyuzi, shada la maua. Nalo ua la kilua lina historia ya namna yake. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoutolea mti huo jina la kisayansi hakwenda kulitafuta katika Kilatini. Alichukua neno la Kiswahili kama lilivyo, akauita Mkilua fragrans, yaani mkilua wenye kunukia. Kwa hiyo mtaalamu wa nchi yoyote duniani akitaka kuutaja mti huo hana budi kusema Kiswahili. Wapo wanafunzi wetu wa elimu ya viumbe wanaokariri majina magumu ya Kilatini usiku na mchana, wala hawajaambiwa kwamba hili moja ni lao.

Turudi kwenye shada. Kutokana na maana yake ya kufunga, shada lilikuwa neno pana tangu mwanzo, na hatulilaumu kwa upana wake. Pwani, kishada cha asumini huvaliwa nywelini bila mtu kufikiria msiba. Lawama yetu inawahusu walioutumia upana huo kama kisingizio cha uvivu. Neno pana likisimama badala ya maneno mahsusi, lugha haiongezeki kitu; inapungua. Na katika kupungua huko haikubaki maana ya furaha, imebaki ile ya kaburini, kwa kuwa ndiyo inayosikika redioni na kuonekana gazetini. Hivyo neno lililokuwa la harusi, la mgeni na la mpenzi limehamishiwa makaburini, likaenda na koja na kikuba mkononi.

Njia nyepesi ya kuyatenganisha majina haya ni kuangalia kitenzi kinachofuatana nalo kila jina. Sisi tuliwahi kuwaandikia vijana ubeti mmoja wa kukumbukia jambo hili, nao ni huu:

Koja hutungwa likawa, ni duara la shingoni,
Kikuba nguoni huwa, chanukia kifuani,
Na taji lawekelewa, juu kabisa kichwani,
Shada nalo hutolewa, kwa mgeni mkononi.

Ubeti huo ni wa kufundishia, hatudai kwamba una zaidi ya hilo, na tumekwisha kusema kwamba shada linavuka mpaka uliowekewa katika mshororo wa nne. Lakini kitenzi hakidanganyi. Koja huvaliwa na mtu huvishwa. Kikuba hubandikwa au huchomekwa. Shada hushikwa, hutolewa, huwekwa. Mwanafunzi akikuta katika shairi mtu "amevishwa", asilete kaburi. Akikuta "ameweka", hapo anaweza kuanza kufikiria mnara au kaburi. Uhakiki wa mashairi mara nyingi huanza kwa jambo dogo kama hili, kabla ya kufika kwenye dhamira na falsafa ambazo wanafunzi wetu huzikimbilia kwa kuwa ndizo zenye alama nyingi.

Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa idara ya forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944. Sisi tunaoishi Tunduma, mahali ambapo malori hupanga foleni kuelekea Nakonde na ambapo kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi Oktoba 2019 na marais wa nchi mbili, tunaijua kazi ya karani wa forodha. Kazi yake ni kukiita kila kitu kwa jina lake. Hawezi kuandika "nguo" akaridhika, hana budi kuandika kanga ngapi, mashuka mangapi, mitumba marobota mangapi, kwa kuwa kila jina lina ushuru wake, na kitu kikipita kwa jina la kitu kingine hayo ni magendo. Hatutaki kusema kwamba mshairi alijifunza ushairi wake gatini. Lakini mtu aliyeishi miaka kumi na minane akiandika orodha za mizigo, kisha akaita kitabu chake koja, tunaamini alikusudia koja.

Mwalimu wa mikoa ya bara atatuuliza, na ana haki ya kuuliza: nitalionyeshaje darasani ua ambalo haliko? Mkilua ni mti wa pwani, na mkadi hatuuoni katika mabaridi ya Vwawa. Asumini hupatikana katika nyua chache za watu waliouleta. Jibu letu liko mashambani Mbozi. Mvua za kwanza zinapoanguka, mibuni huchanua yote kwa pamoja, matawi yakawa meupe tangu shinani hadi nchani, na harufu yake huenea mpaka barabarani. Harufu hiyo iko karibu sana na ya asumini. Ua lenyewe ni jeupe, dogo, nalo hudumu siku chache tu kisha huanguka. Mwanafunzi wa Mbozi aliyewahi kupita katika shamba la kahawa asubuhi ya siku hizo amekwisha kuijua harufu ya kikuba, ila hakuambiwa. Mwalimu amwambie: harufu hii, uipunguze iwe ya mtu mmoja, uifunge kwa uzi, uiweke kifuani.

Naye mwanafunzi mwepesi atauliza kwa nini basi mabibi zake hawakuvaa ua la kahawa. Swali hilo tunalipenda. Kahawa ni zao la kuuza lililoletwa, na kila ua lake lina tunda lililokuwa liwe. Kulichuma ua la mbuni ni kuchuma ada ya shule. Asumini haizai chakula wala fedha ya soko la dunia. Ua lake ndilo mavuno yake. Kwa hiyo watu wa pwani walipanda mti kwa ajili ya kuvaliwa, na sisi tukapanda mti ambao ua lake haliguswi. Jambo hili linaeleza kwa sehemu kwa nini lugha ya pwani ina majina mengi ya maua yavaliwayo, na lugha zetu za huku zina majina mengi ya mambo mengine. Ni juu ya kazi za mikono na mahitaji ya watu, wala si juu ya nani ana moyo laini zaidi.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1967 lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, nia ilikuwa kwamba mali ya kila pembe iwe mali ya nchi nzima. Kwa upande wa lugha nia hiyo ilitimizwa kwa kiasi kikubwa: hakuna leo mtoto wa Tunduma asiyejua Kiswahili, na wengi huongea Kinyamwanga na ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka, kisha wakageuka na kusema Kiswahili na dereva wa lori. Lakini neno likisafiri peke yake, bila kitu chake na bila kitenzi chake, hufika limechoka. Hilo ndilo lililolipata koja.

La ajabu ni kwamba kitu chenyewe kimekwisha kufika. Nenda katika mahafali yoyote ya shule, iwe ya msingi au ya sekondari. Wazazi huja wamebeba maua ya plastiki na ya karatasi zinazong'aa, yaliyoungwa katika uzi na kufungwa duara, huuzwa barabarani tangu asubuhi, na mhitimu huvishwa shingoni, moja la mama, moja la shangazi, moja la mjomba, mpaka kidevu hakionekani. Watu wazima nao wana ya kwao: viongozi wakizuru mkoa huvishwa skafu na vijana wa skauti au chipukizi, kitambaa kimekalia shingoni mahali pa ua. Hayo ya mahafali hayana harufu, na mwenye kupenda asumini atayakunjia uso. Hata hivyo yametungwa, yamefungwa, yamevishwa shingoni, siku ya furaha. Hayo ni makoja kwa kila kipimo tulichokitaja. Mhitimu aliyeandika katika mtihani wake kwamba koja ni maua ya kaburini amesimama mbele ya mpiga picha akiwa amevaa makoja matano.

Basi tuna ombi moja dogo kwa walimu wakuu na kamati za mahafali. Katika ratiba zinazochapwa kwa siku hiyo, mahali panapoandikwa "wazazi kuwavisha watoto maua" au "kuwavisha mashada", paandikwe "wazazi kuwavisha wahitimu makoja". Msomaji wa ratiba akiuliza neno hilo maana yake nini, atayaona shingoni mwa watoto.